Simu ya Jioni

Siku hizi sheria inamtaka kila bosi ampigie simu kila mfanyakazi wake jioni, amjulie hali. Kiwanda cha sabuni cha Tausi kina watu mia nne. Anayepiga ni akili mnemba, kwa sauti ya Tausi mwenyewe, na sheria haijakataza.

Jumamosi Tausi alikwenda Muheza kumhani Nakijwa, fundi wake wa mitambo, aliyefiwa na mama. Nakijwa alimwangukia begani akilia.

"Bosi, Mungu akulipe. Jana umeongea na mimi mpaka usingizi ukanichukua. Hata ndugu zangu hawakukumbuka kuniuliza kama nimekula."

Tausi alimpapasa mgongo. Alitafuta neno la kumfariji, lakini kila alilolifikiria aliogopa limeshasemwa jana, tena vizuri kuliko ambavyo angeweza yeye. Akaishia kusema, "Pole sana." Wanawake waliokaa mkekani walimsogezea nafasi huku wakinong'onezana kwamba bosi kama huyu hapatikani.

Alirudi nyumbani kwake Tanga jua likizama. Nyumba nzima ilikuwa giza. Hajavua hata viatu, simu ikaita. Kwenye orodha ya kiwanda, naye Tausi ni mfanyakazi kama wengine.

"Tausi, pole na safari," ilisema sauti yake mwenyewe, kwa upole ambao hakukumbuka kama aliwahi kuwa nao. "Umekula?"

Alitaka kukata. Kidole kikasita.

"Bado," alijibu, akiwasha taa ya jikoni. "Ngoja nipashe wali. Usikate."