Neno la Kumuaga Mteja

"Unamshukuru kwa lipi?" Mama, mwenye kampuni, aliuliza. Alikuwa ameinama nyuma ya kiti cha Tereza, bado amevaa aproni na mabuti ya kule wanakopakia samaki kwenye barafu.

Mzigo wao wa sangara kutoka Mwanza ulikuwa umefika Arusha umeharibika, na hoteli iliyouagiza ilitaka kuwaacha. Tereza, mgeni kazini, alikuwa ameandika barua pepe ya kuomba radhi, akaifunga kama alivyofundishwa chuoni: Natanguliza shukrani.

"Ndivyo tunavyomalizia, Mama."

"Tumempelekea samaki waliooza, halafu tunamtangulizia shukrani? Mgeni aliyeudhika humuagi ukiwa umekaa, mwanangu. Unainuka, unamsindikiza mpaka barabarani."

Mama akaifuta ile sentensi, akaandika kwa kidole kimoja kilicholowa: Ijumaa nitaufunga mzigo wako kwa mikono yangu mwenyewe. Ukiufungua, nipigie mimi. Chini yake akaweka namba ya simu, ile wanayoijua wanawe tu.

Tereza aliisoma, akairudia. Hapakuwa na neno hata moja la kupamba, na hata yeye angemsamehe aliyeandika vile.

Kisha akakumbuka. "Lakini Mama, Ijumaa si ndiyo sendofu ya kumuaga binti yako anayeolewa?"

Kidole kilisita juu ya kitufe cha kutuma.

"Ni jioni," Mama alisema. "Nitaingia ukumbini nikinuka sangara."

Akabonyeza, akarudi zake kwenye barafu.

Gamba dogo la samaki lilibaki limenata pale kwenye kitufe. Tereza alichukua kitambaa alifute, kisha akakirudisha mezani bila kuligusa.