Tairi za Misumari

Torunn alitoka nje, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika begi la hospitali.

"Chupa imepasuka," akasema.

Nilikuwa nimepiga magoti kando ya gari, spana mkononi, nimeshafunga tairi tatu za kiangazi. Theluji ilikuwa imekwisha mtaani kwetu, nami nilitaka kuwa wa kwanza kuvua zile za misumari, za kushika barafu wakati wa baridi. Kelele zake za kukwaruza lami zilikuwa zimenichosha.

Lakini hospitali iko ng'ambo ya mlima. Tuligeuka wote wawili tukatazama juu. Kileleni kulikuwa kweupe, na wingu zito lilikuwa linashuka.

"Baba mtoto," akasema taratibu, "umefunga tairi gani?"

Jirani yetu, mzee aliyenicheka tangu asubuhi, alikuwa ameshavuka barabara na jeki yake.

"Si nilikwambia, bwana mdogo? Huko juu baridi bado haijaambiwa iondoke. Tuzirudishe za misumari. Shika upande huo, mimi nashika huu."

Nati zilikuwa baridi hadi zinachoma vidole. Moja ikabingirika chini ya gari, nikaifuata kwa tumbo. Torunn alihema, akacheka, akahema tena.

"Fanyeni haraka, jamani. Huyu hana subira kama baba yake."

Jeki zikashuka. Tukaondoka, misumari ikikwaruza lami mtaa mzima.

Kwenye kona ya kwanza ya mlima barabara ikageuka barafu tupu. Tairi zikateleza kidogo, kisha misumari ikauma barafu.

Torunn akanibana bega.

"Kanyaga mafuta."