Koti Ndani ya Dohani

Matanga yalipokwisha, Mwanaidi aliwasha tanuri la mikate la marehemu mumewe, lililotumia mafuta machafu ya magari. Moshi ukarudi ndani badala ya kupanda.

"Shemeji, tanuri limemfuata mwenyewe," alisema Zuberi, mdogo wa marehemu, akikohoa. "Tuliuze kama chuma chakavu."

"Ngoja kwanza."

Mwanaidi alilizima, akafungua kifuniko cha dohani, bomba la kutolea moshi, akasogeza hapo karatasi inayowaka. Mwali ulisimama wima, haukuvutwa ndani; hewa haikupita. Akapenyeza mkono, akatoa koti la mumewe, limejaa masizi. Ndivyo mumewe alivyoiziba dohani kila alipozima tanuri, ndege wasijenge kiota. Mara ya mwisho ilikuwa asubuhi aliyopelekwa hospitali.

Akawasha tena. Moto ukanguruma, moshi ukapanda. Mwanaidi alilitundika koti msumarini kando ya mdomo wa tanuri, na mikono mitupu ya koti ikaanza kuvutwa taratibu na hewa iliyoingia kuelekea motoni.