Zamu ya Krismasi

"Fungua makro hiyo!" Japheth alifoka, akaigonga meza ya Nyokabi mpaka chai ikamwagika.

Kura ilikuwa imemwangukia tena. Mwaka wa nne mfululizo, zamu ya Krismasi ni yake. Katika hoteli hiyo ya Watamu, zamu za sikukuu hupangwa na kompyuta: Nyokabi wa ofisini hubonyeza kitufe kwenye jedwali lake la Excel, makro, programu ndogo aliyoitunga mwenyewe, ikapiga kura, majina yakajipanga. Eti mashine haina ndugu wala adui. Lakini maandishi ya ndani ya makro hiyo aliyafunga kwa neno la siri, na hakuna aliyewahi kuyaona.

Japheth alikuwa na uchungu wa kweli. Krismasi ya mwisho aliyokula kwa wakwe zake Jilore haikumtoka moyoni. Aliwahutubia mashemeji juu ya kilimo, siasa na malezi mpaka pilau ikapoa, na hakuna hata mmoja aliyembishia. Sasa wanawe wanakua bila kuisikia busara ya baba yao siku kubwa kama ile.

"Huyu mwanamke ananionea," alimlalamikia mkewe, Kahaso.

"Vumilia, Baba Emily. Kazi ni kazi." Kahaso akamfungia mfuko wa korosho. "Mpelekee Nyokabi. Ni sikukuu."

Kila Desemba ilikuwa hivyo. Japheth alinung'unika kumlisha adui, lakini mfuko aliubeba.

Safari hii alikwenda moja kwa moja kwa meneja, Bwana Mwenda. Wafanyakazi wenzake wakamuunga mkono, nao walikuwa na mashaka yao. Meneja akaamuru makro ifunguliwe mbele ya wote.

Nyokabi alimvuta Japheth kando. "Kaka, ningekuwa wewe ningeliacha jambo hili."

"Usilolijua ni usiku wa giza, dada. Leo tunawasha taa."

Akampigia mkewe simu, furaha imemjaa. "Mama Emily, tafuteni mbuzi! Nyokabi anafungua makro sasa hivi."

"Mbele ya watu?" Kahaso akauliza, sauti imemkauka.

Nyokabi akaandika neno la siri. Mistari ikajaa kwenye kioo, mingi ya lugha ya mashine, na hapa na pale vikumbusho alivyojiandikia kwa Kiswahili. Bwana Mwenda aliifuata kwa kidole, akafika mahali akasita.

"Soma, bosi," Japheth akasema, kifua mbele. "Soma kwa sauti, kila mtu asikie."

Meneja akakohoa.

"'Japheth apewe Krismasi kila mwaka. Ombi la mkewe na ukoo mzima wa Jilore. Korosho zimepokelewa.'"