Kanga ya Mabrouk

Fayaz aliikata simu ya dada yake, picha ya mbio ikarudi. Mzee alikuwa wa tatu, ameilaza pikipiki kwenye kona mpaka goti linasugua lami, na mizunguko iliyobaki ilikuwa michache.

Simu ikaita tena. Hina. Akaikata tena.

Alijua anachotaka: supu. Baba yao, Bwana Kurban, alikuwa amelazwa tangu Ijumaa kwa presha. Daktari alikwisha sema kesho yake angerudi nyumbani, na Fayaz aliahidi kumpelekea supu mchana. Angepeleka, ila si sasa. Hizi zilikuwa mbio za mwisho wa msimu, na za mwisho kwa Mzee kabla hajastaafu.

Jina hilo la Mzee alilibuni Fayaz mwenyewe. Jina halisi la yule mwendesha pikipiki lilikuwa refu na la kizungu, halikai mdomoni. Umri wake ulipita arobaini, na bado alishindana na vijana walio sawa na wanawe. Baraza zima la wanywa kahawa mtaani lililichukua jina hilo kwa kejeli, maana mwaka huo Mzee hakushinda hata mara moja. Kila Jumapili jioni Fayaz akipita, Mabrouk fundi cherehani, shabiki wa kijana aliyekuwa akiongoza msimu, alimwuliza kwa sauti ya juu: "Vipi Mzee wako, keshafika, au bado anatafuta bakora yake?"

Watu walicheka mpaka kahawa zikawamwagikia. Fayaz aliumia, tena aliumia kwelikweli, chakula cha usiku hakikushuka. Mkewe alimshauri aachane na mambo ya pikipiki za Ulaya. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mwishowe yeye na Mabrouk wakaahidiana mbele ya watu. Mzee akishinda mbio za mwisho, Mabrouk atavishwa kanga na kutembezwa kwa kupigiwa sufuria mpaka sokoni Darajani. Akishindwa, itavaliwa na Fayaz.

Sasa Mzee alikuwa wa pili. Kijana yuko mbele yake, karibu, karibu sana. Fayaz alisimama juu ya kitanda. Mzee akachomoza ubavuni mwa kijana, na simu ikazima. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, chaji ndiyo ile ile aliyoamka nayo.

Alipiga yowe kama aliyekanyaga kaa la moto. Alizunguka chumbani, akaibonyeza simu, akaipigapiga pajani, akaiapiza. Alipohisi mbio lazima ziwe zimekwisha, akakimbilia dirishani.

Chini kwenye baraza, Mabrouk alikuwa na simu sikioni. Aliishusha taratibu, akabaki kaitazama.

"Mabrouk!"

"Naam." Sauti haikuwa na nguvu.

"Yangu imezima! Nambie, imekuwaje?"

"Nlikuwa nnakuja huko juu kwako."

"Nambie hapo hapo ulipo!"

Mabrouk aliinua uso. "Mzee katangulia, Fayaz."

"Unasema!"

"Katangulia. Katutangulia sote."

Sote! Yaani yeye, na kijana wake, na baraza lake zima la wenye kucheka. Fayaz alimshukuru Mungu kwa sauti iliyofika mtaa wa pili. Alichomoa kanga mbili za mkewe kambani, akanyakua sufuria na mwiko, akateremka ngazi kwa kuruka.

Alimkuta Mabrouk macho yamemjaa maji.

"Unalia?" Fayaz alicheka. "Mie nshalia mwaka mzima. Leo zamu yako."

"Fayaz, ndugu yangu..."

"Ahadi ni deni! Inua mikono."

Mabrouk, mtu wa kubishana hata na muadhini kama wakati wa sala umeingia, siku hiyo hakubisha. Aliinua mikono, akafungwa kanga moja kiunoni na ya pili kichwani, akasimama kama mtoto anayevishwa na mama yake. Fayaz alimsukuma mgongoni, akaanza kulipiga sufuria.

"Mzee kawamaliza! Mzee kawamaliza!"

Wenye maduka walitoka, wakafunga milango, wakaungana nao. Ubwa muuza kahawa aliyaacha mabuli yake barazani. Kila kichochoro kilitoa watu wake, na wote walifuata nyuma pole pole, mikono kifuani. Fayaz hakupata kuona umati kama huo kwa ajili ya pikipiki. Lakini hawakucheka, na hilo lilimuudhi.

"Chekeni! Mwaka mzima mlikuwa mnacheka!"

Ubwa alisogea kutaka kumshika mkono. Bi Nassra, jirani yao, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake, akamzuia.

"Mwache," alisema. "Mwache tu."

Waone wivu wakitaka. Fayaz alizidisha mwiko mpaka sufuria likabonyea. Alimzungukia Mabrouk huku akicheza, akamvuta ncha ya kanga, akamwuliza bakora iko wapi sasa, na nani anaitafuta. Mabrouk alitembea ameinamisha kichwa, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu.

Karibu na Darajani, pale ambapo gari haiwezi kuingia tena, kona ilikuwa imezibwa na wanaume wanne waliobeba machela iliyofunikwa shuka jeupe. Hina alikuwa nyuma yao.

"Tupishe, Kaka," alisema. "Tumemleta Baba."