Mdai wa Asubuhi

Haya alinisimulia Fundi mwenyewe, yule mshonaji wa nyuma ya soko, msimu wa baridi uliopita, siku niliyompelekea sketi ya kupunguza kiuno akaniambia hana cherehani tena. Nikamuuliza imekwenda wapi. Akanivutia kiti.

Simu ilikuwa ikilia kila siku kabla chai haijachemka. Wenye madeni wengine huzima simu, hubadili laini, humwambia mtoto aseme mama kasafiri. Fundi yeye alikuwa anafuta mikono, anakaa kitako, kisha anaitika.

"Habari za asubuhi, mama. Napiga kuhusu deni la kadi yako."

"Nakusikia, mwanangu."

Ilikuwa sauti ya kike, nzito, kama ya mtu mwenye mafua yasiyopona. Haikumtukana hata siku moja. Ilimtajia deni, ikamuuliza leo ataweza nini, ikamsubiri. Siku moja ilitoka nje ya maneno iliyopangiwa.

"Faili lako niliomba mimi, mama. Wengine hapa wana midomo."

"Ahsante," akajibu Fundi.

Deni lenyewe liliingia kwa nia njema. Mume alipofariki, Fundi alichukua kadi ya mkopo ili binti yao amalize chuo. Riba ikazaa, na kilichozaliwa nacho kikazaa. Alikwenda benki kuomba mkopo wa riba nafuu alipe ule wa riba kali. Kijana wa dirishani akatazama kompyuta yake, akatikisa kichwa. Chama cha akiba wakamwambia arudi akiwa hana deni.

"Nikiwa sina deni nitarudi kufanya nini?" akawauliza. Wakacheka sana, na mkopo hawakumpa.

Binti naye alimaliza chuo, akakaa nyumbani muda mrefu akisambaza barua za kuomba kazi, mpaka akapata. Ofisi ya bima, alisema. Aliondoka alfajiri na blauzi iliyopigwa pasi, akarudi jioni koo limemkauka, hana hamu ya kusimulia. "Kazi ni kazi, mama." Fundi hakumchimba.

Aliyejitokeza kumnusuru ni Karani, jirani yake, mstaafu wa benki na rafiki wa marehemu. Alikaa kwenye kochi, akashusha miwani.

"Shemeji, mkopo mpya sahau. Na hivyo vijisenti unavyowapa hao wa simu vinaishia kwenye riba na faini. Deni halipungui hata ukucha. Nimezungumza na makao makuu ya kampuni. Ukiwapelekea nusu kwa mkupuo, pale pale ofisini kwao, nusu nyingine wanafuta. Faili linafungwa, simu zinakoma."

"Zinakoma?"

"Kabisa. Utalala fofofo."

Fundi akauliza, "Na huyu anayenipigia, atapata nini?"

Karani akavua miwani yote. "Huyo? Hao hulipwa kwa kile wanachokukamua, shemeji! Asiyefikisha kiwango mwezi ukiisha anaonyeshwa mlango. Anakula mgongoni mwako huyo."

"Naye kaajiriwa tu."

"Hata chui kaajiriwa na tumbo lake!"

Basi Fundi akaiuza cherehani, ile ya umeme, iliyomlisha miaka yote ya ujane. Mnunuzi aliiondoa kwa toroli, naye akaisindikiza kwa macho mpaka konani. Fundi alimwambia binti imepelekwa kutengenezwa. Fedha aliyopata, akiongeza na ya akiba, ilitosha ile nusu. Kesho yake Karani alikuwa mlangoni mapema, kavaa koti lake la kazini la zamani, tayari waongozane makao makuu.

Simu ikalia.

"Habari za asubuhi, mama." Leo sauti ilikuwa imepasuka. "Ni mwisho wa mwezi. Nimepungukiwa sana. Sistahili kukwambia hivi, lakini ukiweza chochote..."

"Umelia?"

"Simu zinasikilizwa, mama."

"Haya. Tuliza moyo."

Akakata. Akasimama kizingitini, akabonyeza namba za malipo moja moja, akatuma fedha zote.

Karani alipoelewa kilichotendeka aliupiga ukuta ngumi. "Umempa yule wa simu? Zote? Riba na faini zitazimeza kabla ya mchana! Deni lipo, cherehani haipo! Umerogwa, shemeji?"

"Amenisihi."

"Amekusihi! Mtu usiyemjua hata sura!" Akavua koti, akalikunja kwapani, akaenda zake. Mpaka leo wanasalimiana kwa mbali.

Fundi alishinda pale pale palipokuwa na cherehani, anashona vifungo kwa mkono. Sindano ilimchoma, akanyonya kidole, akaendelea.

Jioni binti alirudi mapema, na nyama kwenye mfuko.

"Wamenipa mkataba, mama," alisema akitazama sakafu. "Mwaka mzima."

"Vizuri, mwanangu. Hongera."

"Cherehani haijarudi?"

"Bado."

Binti akapaangalia pale patupu. Nyama aliipika yeye, na hakuila. Alijitupa kitandani na blauzi yake, akageukia ukuta. Fundi akamfunika, akazima taa, akajinyoosha ubavuni mwake. Akamsikia hapumui kama aliyelala.

"Kesho ukinipigia," akamwambia polepole, "zungumza kwa sauti yako tu. Nilikujua tangu siku ya kwanza."

Mabega ya binti yalitikisika mpaka usingizi ukamchukua, na baada yake ukamchukua Fundi.