Ramani ya Jicho la Nzi

Alikuwapo Vunjajungu mmoja asiyetulia. Kila alipomnyemelea Nzi, Nzi aliruka mapema. Siku moja akamjia kwa maneno matamu: "Mdogo wangu, niruhusu nichore mishipa ya jicho lako, nijue inavyopeleka habari kichwani."

Moyoni alitafuta upande usio na mshipa, ambako Nzi haoni, ampigie hapo.

Nzi akakubali, ila alikaa mbali kidogo. Vunjajungu akachora juu ya jani, akafuta, akachora tena, roho juu. Ghafla mishipa yote ya jicho ikashtuka.

"Imeona nini?" akauliza bila kuacha kuchora.

"Kinyonga, dada. Yuko nyuma yako."

Vunjajungu akageuka, lakini ulimi ulikuwa umeshamfikia. Nzi akaruka zake, akaiacha ramani imebakiza mshipa mmoja tu ikamilike.